Kitambaa Kilichobaki Kiunoni

Mpira ulikuwa bado hewani.

Ni tarehe 20 Januari 2019, ndani ya Superdome, New Orleans, nusu fainali ya NFL, ligi ya mpira wa Marekani. Saints 20, Rams 20. Zimebaki chini ya dakika 2, jaribio la tatu kati ya manne, yadi 10 za kutafuta, na Saints wamesimama kwenye yadi ya 13 ya Rams. Mshindi anakwenda Super Bowl, fainali yenyewe. Drew Brees, kwotabeki (mrushaji wa pasi) wa Saints, anamrushia Tommylee Lewis pembeni mwa uwanja. Beki wa Rams, Nickell Robey-Coleman, anatokea upande wa ndani mbio, kichwa hakijageuka hata kidogo kuutafuta mpira, anamvaa Lewis helmeti kwa helmeti na kumbwaga. Ndipo mpira unafika.

Uwanja mzima ukasubiri kitambaa cha njano, kile anachorusha refa akiona kosa.

Hakikuruka.

Saints wakaambulia teke la pointi 3, 23-20. Greg Zuerlein wa Rams akasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 15, kisha katika muda wa nyongeza akapiga teke la yadi 57. Rams 26, Saints 23.

Kipande hicho cha video huibuka upya kila msimu wa mtoano, na chini yake sentensi ni ile ile: marefa walinunuliwa. Sentensi hiyo ndiyo iliyonikaa kooni kwa wiki kadhaa sasa. Sioni kama inawaonea marefa. Naona inaipa ligi mlango wa kutokea.

Maana refa aliyenunuliwa anakamatika. Ana simu, ana akaunti ya benki, ana mtu aliyemlipa. Tim Donaghy wa mpira wa kikapu alikamatwa hivyo, akafungwa. Lakini utamfanya nini refa ambaye kanuni yenyewe imemwambia aamue kadiri anavyoona?

## Macho 14

Wachezaji ni 22, waamuzi ni 7. Refa mkuu, mwenye kofia nyeupe, husimama nyuma ya kwotabeki. Ampaya naye tangu 2010 amehamishiwa nyuma ya safu ya ushambuliaji, kwa sababu kule kwa mabeki alikokuwa akisimama zamani alikuwa akigongwa kama gunia. Wawili wanakaa kwenye mstari wa kuanzia mchezo, kila mmoja na upande wake. Wawili wengine wako pembeni, yadi 20 hivi nyuma ya mabeki wa mbele. Wa saba yuko katikati, yadi 25 hivi.

Kabla mpira haujaanzishwa, kila mmoja ameshajua mtu wake. Unaanza na mpokeaji uliyepangiwa. Akishatoka kwenye eneo lako unaacha kumtazama mtu, unatazama eneo. Mpira ukirushwa, unatazama pale unakokwenda. Makosa mengi huzaliwa katika kuhama huko. Ukichelewesha macho nusu sekunde, unachokikuta ni miili miwili imeshagongana, na huwezi tena kusema nani alitangulia kufika, beki au mpira.

Halafu kuna maswali ambayo lazima yajibiwe kabla mkono haujafika kiunoni. Mpira ulishatoka mkononi mwa mrushaji? Mguso ulitokea zaidi ya yadi 1 mbele ya mstari? Kuna mtu aliyeugusa mpira njiani? Ukishaguswa, kosa la kuingilia pasi halipo tena. Je, mpira ulikuwa unadakika? Na mwisho: mguso huo ulimzuia mpokeaji kwa kiasi kikubwa?

"Kiasi kikubwa" hakina sentimita.

Kwa Lewis majibu yote yalikuwa wazi, na ndiyo maana tukio lile linauma kuliko mengine. Lakini zingatia bei ya kitambaa hiki. Kumshika mpinzani kwenye ushambuliaji ni yadi 10. Beki akishika, yadi 5 na majaribio yanaanza upya. Kuingilia pasi hulipwa pale pale lilipotokea: kosa la yadi 40, adhabu yadi 40. Hakuna kitambaa kizito kama hicho katika mchezo mzima, na kila refa anajua kwamba akikirusha katika dakika ya mwisho ameandika matokeo kwa mkono wake. Asipokirusha pia ameyaandika, ila mwandiko hauonekani sana.

Tusiwadharau, lakini. Mwaka 2012 ligi iliwafungia nje marefa wake kwa mgogoro wa mkataba na kuleta wa muda. Tarehe 24 Septemba, Seahawks wa Seattle wakicheza na Packers wa Green Bay, pasi ya mwisho ilidondokea kwenye rundo la watu, mwamuzi mmoja akainua mikono juu kuashiria tachidauni, yaani bao la kufika eneo la goli, mwenzake aliyesimama hatua chache tu akapunga mikono yake kivingine. Seahawks walishinda 14-12. Siku 2 baadaye mkataba ukapatikana, na marefa wa kawaida waliporudi uwanjani Baltimore, mashabiki waliwashangilia kwa kusimama. Kwa jioni moja.

## Walikiri siku ile ile

Kocha wa Saints, Sean Payton, alipoketi mbele ya waandishi baada ya mechi, alikuwa ameshazungumza na Al Riveron, mkuu wa waamuzi wa ligi. Akasema ameambiwa wazi kwamba lile lilikuwa kosa. Robey-Coleman naye hakuzunguka: alikubali kwamba alifika mapema. Baadaye akatozwa faini ya dola 26,739 kwa kugonga kwa helmeti.

Hapo pana jambo la ajabu. Ligi ilimlipisha mtu faini kwa tendo ambalo uwanjani, rasmi, halikuwa kosa.

Mashabiki wa New Orleans wakaikumbuka Kanuni ya 17, inayompa Kamishna, mkuu wa ligi, mamlaka ya kubatilisha matokeo au kuamuru mechi irudiwe pakitokea dhuluma iliyopita kiasi. Wenye tiketi za msimu wakaenda mahakamani kumlazimisha aitumie. Wengi hawakuisoma hadi chini. Kanuni hiyo hiyo inasema kwamba haihusu malalamiko ya timu juu ya makosa ya waamuzi ya kukadiria, wala mambo ya kawaida yaliyowapitia. Mlango ulikuwa na kufuli tangu ulipotengenezwa.

Mahakama ya shirikisho ikaitupa kesi. Nyingine, iliyofunguliwa na wakili mmoja, ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Louisiana, nayo ikafutwa Septemba 2019. Sheria ya Marekani ilishaweka msimamo zamani, katika kesi ya shabiki wa Jets aliyewashitaki Patriots kwa kurekodi ishara za makocha: tiketi inakupa kiti na haki ya kutazama mechi itakayochezwa. Mechi ya haki haimo kwenye bei.

Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Siku baada ya Super Bowl, gazeti la Times-Picayune lilitoka na ukurasa wa mbele karibu mtupu, na swali moja dogo lililouliza ni Super Bowl gani hiyo inayosemwa.

## Kanuni iliyoishi mwaka mmoja

Machi 2019 wamiliki wa timu walipiga kura 31 kwa 1: kosa la kuingilia pasi sasa lingeweza kupingwa kwa video, liwe limepigwa au limeachwa. Kwa msimu mmoja, kwa majaribio. Kocha akitaka, anatupa kitambaa chake chekundu. Akishindwa, anapoteza taimauti. Katika dakika 2 za mwisho, kibanda cha marudio ndicho kinachoanzisha.

Hapa ndipo wengi tulipodhani jambo limekwisha.

Novemba 17, 2019, Texans wakiwa Baltimore, mpokeaji wao DeAndre Hopkins alivutwa na beki aliyemkaba ndani ya eneo la goli huku mpira ukimjia. Hakuna kitambaa. Kocha wake, Bill O'Brien, akatupa chekundu. New York, yaani ofisi ya ligi inayokagua video, wakatazama, wakasema uamuzi unabaki. Matukio ya namna hiyo yaliendelea hadi makocha wakaanza kukata tamaa: kwa nini uchome taimauti yako kwenye bahati nasibu?

Sababu haikuwa ukaidi peke yake. Video ikipunguzwa kasi, kila mguso unageuka kosa. Mkono uliokaa kwenye nyonga kwa robo sekunde unaonekana umekaa hapo mchana kutwa. Ofisi ya New York ikaogopa kwamba ikikubali kidogo italazimika kukubali kila kitu, ikapandisha kipimo juu mno. Anayefuatilia VAR kwenye ligi za Ulaya anaujua ugonjwa huu kwa jina.

Kisha ikaja Januari 5, 2020. Superdome tena. Saints na Vikings, muda wa nyongeza. Kirk Cousins, kwotabeki wa Vikings, anarusha pasi ya yadi 4 kwenye kona ya eneo la goli, Kyle Rudolph ananyoosha mkono, kiganja kinatua kwa P.J. Williams wa Saints, beki anarudi nyuma hatua, Rudolph anadaka. Vikings 26, Saints 20. Ni kanuni ile ile iliyoandikwa kwa machozi ya New Orleans, imo bado kitabuni, na New York wanaiangalia video ile ile tunayoiangalia sote.

Wakaona hakuna cha kubadilisha.

Msimu uliofuata kanuni haikuwepo tena.

## Mbeleko

Katika Kiswahili cha viwanjani, timu inayopendelewa na marefa inabebwa, na kinachombebea ni mbeleko. Kwa miaka ya karibuni mbeleko hiyo wamevishwa Kansas City Chiefs.

Ushahidi unaoletwa kwanza ni Super Bowl ya Februari 12, 2023. Chiefs na Eagles 35-35, zimebaki dakika 1 na sekunde 54, jaribio la tatu. James Bradberry, beki wa Eagles, anapigwa kosa la kumshika JuJu Smith-Schuster wa Chiefs. Chiefs wanachezea saa hadi sekunde 8, Harrison Butker anapiga teke, 38-35. Tatizo la ushahidi huu ni kwamba Bradberry mwenyewe alisema alimshika jezi, na alitumaini wangeliachia.

Ukiichambua hasira ya mashabiki usiku ule, utakuta hawakusema kosa halikuwepo. Walisema miguso ya aina ile iliachwa mechi nzima, kisha ikapigwa moja, mwishoni. Hilo ni dai tofauti kabisa na la wizi, na kwa maoni yangu lina nguvu zaidi.

Ushahidi wa pili ni Januari 18, 2025, Texans wakiwa Kansas City. Will Anderson Jr. wa Texans alipigwa kosa la kumrukia kwotabeki kwa mguso ambao wengi hawakuuona. Baadaye Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, akajitelezesha chini kwa kuchelewa, mabeki wawili wakagongana wao kwa wao juu yake, na kitambaa kikaruka tena. Troy Aikman, aliyekuwa kwotabeki na ambaye mtu hawezi kumshuku kwamba anawachukia makwotabeki, alilalamika hewani. Chiefs walishinda 23-14, na Anderson akasema walijua tangu mwanzo kwamba watacheza na marefa pia.

Kamishna Roger Goodell aliyaita madai hayo ya upuuzi siku chache kabla ya Super Bowl. Halafu Eagles wakaifunga Chiefs 40-22, na mbeleko ikakunjwa kwa muda.

Siamini kwamba kuna chumba mahali fulani ambamo watu wanakaa kuichagulia Chiefs ushindi. Lakini ulinzi wa kwotabeki umeandikwa kitabuni kwa makusudi: usimguse kichwani, usimpige chini ya magoti, na tangu 2018 kwa mkazo, usimwangukie na uzito wako wote. Septemba mwaka huo Clay Matthews wa Packers alimwangusha Cousins kwa namna ambayo ingekubalika miaka yote ya nyuma. Kitambaa kikafuta mpira ulionaswa, mechi ikaisha sare 29-29. Timu yenye kwotabeki anayekimbia pembezoni, anayesita kabla ya kuteleza, inaichezea kanuni hiyo kama kinanda. Huo ni upendeleo, nao umepigiwa kura na wamiliki wa timu zote, ikiwemo yako.

## Upendeleo usio na bahasha

Msimu wa 2020, viwanja vikiwa vitupu au karibu vitupu kwa sababu ya korona, timu za nyumbani zilishinda 127, zikafungwa 128, sare 1. Haijawahi kutokea kabla ya hapo kwamba wenyeji wa ligi nzima wafungwe zaidi ya wanavyoshinda. Marefa si sababu pekee. Kelele humzuia kwotabeki mgeni kusikilizana na wenzake, na hilo lenyewe lina pointi zake. Lakini ni vigumu kuamini kwamba watu 70,000 wakipiga kelele sikioni mwako, mkono wako unabaki na uzito ule ule.

Kuna pia maagizo ya katikati ya msimu. Mwaka 2019 ligi iliagiza kosa la kushika lipigwe kwa ukali. Wiki mbili za kwanza vitambaa vilimwagika kama mvua ya masika. Alhamisi moja ya Septemba, Titans na Jaguars wakicheza, kwotabeki mashuhuri Tom Brady aliandika mtandaoni kwamba anazima televisheni. Ndani ya siku chache marefa wakaambiwa walegeze. Kanuni haikubadilika hata herufi moja. Timu iliyoadhibiwa wiki ya 2 na isiyoadhibiwa wiki ya 5 kwa tendo lile lile, utaziambiaje kwamba zimecheza mchezo mmoja?

Na vikosi vya waamuzi havifanani. Kikosi kimoja hukaa pamoja msimu mzima chini ya refa mmoja, na kila kimoja kina tabia yake: kimoja kali kwa kushika, kingine kinawaachia mabeki mikono. Makocha wanalijua hili. Katikati ya wiki wanapewa taarifa ya kikosi kitakachochezesha kama wanavyopewa ya mpinzani. Shabiki peke yake ndiye anayeingia uwanjani akidhani kuna kipimo kimoja.

Kwa hiyo kabla hujaandika "wizi", fanya kazi kidogo. Tazama tukio kwanza kwa kasi ya kawaida, mara moja tu, kwa sababu refa aliliona hivyo. Kwenye kushika, usitazame mikono ikiwa kifuani, hiyo inaruhusiwa. Tazama jezi ya mlinzi ikinyooka pembeni kama turubai lililofungwa kamba, na bega lake likigeuka wakati miguu inaelekea kwingine. Kwenye pasi, tafuta kwanza macho ya beki: anautafuta mpira au anamtafuta mtu? Kisha piga hesabu ya thamani. Kosa la yadi 5 jaribio la kwanza katikati ya uwanja haliwezi kulingana na la jaribio la tatu mlangoni mwa goli.

Na andika pande zote mbili. Hili ndilo gumu. Katika mechi ile ile ya Superdome, Saints wakiongoza 20-17, Jared Goff, kwotabeki wa Rams, alikimbilia mstari wa goli na akavutwa wavu wa helmeti mbele ya kila mtu. Hakuna kitambaa. Rams, ambao wangepewa majaribio mapya hatua moja tu kutoka kwenye goli, wakapiga teke la kusawazisha. Mashabiki wa Rams, kule Los Angeles, wana video yao. Na Saints wenyewe, wakiwa yadi ya 13 na saa ikiwa rafiki yao, walirusha pasi jaribio la kwanza, ikaanguka, saa ikasimama. Kisha wakashinda kura ya sarafu ya muda wa nyongeza na pasi ya Brees ikanaswa na Rams.

Nikiweka yote hayo mizani, bado naona kitambaa cha Lewis kilikuwa kizito kuliko vyote. Wangepewa majaribio mapya, wangepiga magoti kula muda, wakaacha sekunde chache tu. Lakini natofautisha kati ya kusema hivyo na kusema waliibiwa.

## Unyayo

Tukio lililonirudisha kwenye haya yote ni jingine, la Januari 26, 2025. Bills wako Kansas City, wanaongoza 22-21, robo ya nne ndiyo kwanza imeanza, jaribio la nne na yadi 1. Kwotabeki wao, Josh Allen, anajisukuma kwenye lundo la watu. Waamuzi wawili wa mstarini wanakimbia kuingia, mmoja kutoka kila pembe, kila mmoja akiweka mguu pale anapodhani mpira ulikoma.

Miguu haikukutana mahali pamoja.

Ukachaguliwa ule wa nyuma. Video ikatazamwa, mpira ulikuwa umefunikwa na miili, hakuna kamera iliyouona, uamuzi ukabaki. Gene Steratore, refa wa zamani anayechambua kanuni kwenye televisheni, aliona Allen alifika. Chiefs wakauchukua mpira, wakafunga tachidauni, na mwisho wakashinda 32-29.

Kabla ya msimu uliofuata ligi ilitangaza kwamba minyororo ya kupimia yadi 10 inapumzishwa. Badala yake kuna kamera 6 za Hawk-Eye katika kila uwanja, na kipimo kinatoka kwa sekunde 30 hivi, na picha nzuri ya kompyuta kwenye skrini kubwa. Wengi waliiona hiyo kuwa dawa ya kilichomkuta Allen.

Kamera hizo zinapima umbali kutoka pale mpira ulipowekwa. Mpira unawekwa na mwamuzi. Ndani ya mpira kuna chipu tangu 2017, lakini chipu haijui goti la mchezaji liligusa nyasi saa ngapi, wala ni lini kusonga kwake mbele kulikoma. Kwa hiyo bado wanaume na wanawake wenye mistari myeusi na myeupe wanakimbia kutoka pembeni, wanachungulia ndani ya lundo, na kukanyaga. Kisha mashine ya mamilioni inapima, hadi sehemu ndogo ya inchi, umbali kutoka kwenye kiatu.

Minyororo haijatupwa. Ipo pembeni mwa uwanja, kama akiba.